Injini Mpya katika Motokaa ya Marehemu

Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja mjane wa huko Kilimanjaro. Barua yenyewe si ndefu, nayo imeandikwa kwa mwandiko safi wa watu waliosoma zamani, lakini swali lililomo limetushughulisha kuliko barua nyingi zinazofika mezani petu. Kwa kuwa mama mwenyewe ameturuhusu kulijibu hadharani bila kutaja jina lake, twafanya hivyo leo.

Marehemu mume wake alikuwa na motokaa aina ya Datsun 240Z, ile ya watu wawili, fupi, yenye pua ndefu. Aliinunua katika miaka ya sabini ikiwa imekwisha kutumika, akaitunza kama watu wengine watunzavyo ng'ombe wa maziwa. Sasa imekaa kihambani chini ya banda la mabati, imefunikwa turubai. Mwana wao wa kwanza, aliye fundi katika nchi za Ghuba, ataka kuing'oa injini yake na kuweka nyingine ya kisasa, yenye nguvu karibu mara mbili. Dada yake, ambaye ni mwalimu, amekataa katakata. Tangu Krismasi hawasemezani. Mama auliza: Je, kufanya hivyo ni kumvunjia heshima marehemu? Na je, ni dhambi?

Huenda msomaji mwingine akanung'unika kwamba watu wanatafuta karo na dawa, na gazeti la Kanisa laandika habari za motokaa za fahari. Twamwomba avumilie. Ndugu wawili wa tumbo moja wasiosemezana si jambo dogo. Zaidi ya hayo, hakuna nyumba ambayo haitaulizwa swali la namna hii siku moja, liwe ni la nyumba ya babu iliyoezekwa kwa nyasi, au la shamba la kahawa, au la cherehani ya bibi: kilichoachwa na waliotutangulia twaweza kukibadili kwa kiasi gani?

Yafaa kwanza tuseme motokaa hii ni kitu gani, kwa maana wapo vijana wasioijua. Datsun 240Z ilitokea Japani mwaka 1969. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa lita 2.4, na nguvu zake zilitajwa kuwa kama farasi 150. Motokaa nzima ina uzito wa tani moja na kidogo tu. Ulaya na Marekani watu waliipenda kwa sura na kwa bei. Lakini huku kwetu iliheshimiwa kwa sababu nyingine, nayo ni mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na baadaye yakazoea kufanyika siku za Pasaka. Wazee wetu wakumbuka jinsi watu walivyotoka Misa wakiwa bado na nguo zao za sikukuu, wakaenda kusimama kando ya barabara ya vumbi au ya tope kungojea motokaa zipite. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishinda, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena, na safari hii dereva alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Basi marehemu aliponunua yake, alinunua pia kumbukumbu ya Pasaka hizo.

Na injini anayoitaka kijana? Ametaja ile iliyotengenezwa na Nissan kwa ajili ya Skyline GT-R, motokaa iliyouzwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2002. Nayo ina silinda sita mstari mmoja, lita 2.6, pamoja na tabo mbili, yaani mashine mbili za kuisukumia hewa kwa nguvu. Kiwanda kilitangaza farasi 280, na mafundi wajuao wanasema inaweza kutoa zaidi ya hapo kwa urahisi. Tukiri kwamba uchaguzi wake si wa kipumbavu. Injini hiyo ni ya ukoo uleule, kwa kuwa Datsun na Nissan ni kampuni moja, na duniani kote wako wapenzi wa 240Z waliofanya hivyo. Kijana huyu hataki kuichoma moto motokaa ya baba yake. Ataka iwike tena, naye ana mikono ya kuifanya iwike.

Sasa twende kwenye swali. Tumesoma na kusikia watu wengi wakisema kwamba motokaa ya zamani ina roho, na kwamba kuitoa injini yake ni kuiua. Maneno haya ni matamu, lakini Mkristo asiyachukue kama yalivyo. Motokaa haina roho. Haina haki, haisikii uchungu, wala haitasimama siku ya hukumu kumshitaki fundi wake. Wenye haki ni watu. Kwa hiyo, tukitaka kujua kama tendo hili ni jema au baya, tusiitazame sana motokaa. Tuwatazame watu wanaoizunguka: aliyeiacha, wanaoirithi, atakayeketi ndani yake, atakayepita mbele yake akiwa na mzigo wa kuni kichwani, na yule ambaye siku moja atainunua.

Kuhusu aliyeiacha, twaona woga wa mama ni wa upendo, nao haufai kudharauliwa. Amri ya nne haikomi kaburini. Walakini kumheshimu baba si kuvigandisha vitu vyake vyote kama alivyoviacha siku ya kufa. Baba mwenyewe, ikiwa alikuwa kama wenye motokaa wengi wa nchi hii, alikwisha badili mengi: vyuma vya mguu wa mbele, kabureta, viti, labda hata rangi. Je, motokaa aliyoiacha ni ileile aliyoinunua?

Swali hili ni la kale. Plutarko, mwandishi wa Kigiriki, asimulia habari za jahazi la Theseus, ambalo watu wa Athene walilihifadhi kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema jahazi ni lilelile, na hawa wakikataa. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipokuwa akieleza ufufuko wa mwili, alitoa mfano wa moto: kuni zateketea na nyingine zaongezwa, lakini twasema moto ni uleule. Hatutaki kumfanya Mtakatifu Tomaso fundi wa gereji. Yeye alikuwa akisema juu ya mwili wa mwanadamu, ambao una roho ya kuushika pamoja, na motokaa haina. Lakini mfano wake watufundisha kwamba kitu chaweza kuendelea kuwa kilekile kwa njia ya mfululizo wa maisha yake, hata vipande vyake vikibadilika.

Na ajabu ni kwamba Mahakama Kuu ya Uingereza ilipata kulihukumu jambo hili hasa. Kulikuwa na motokaa ya mashindano aina ya Bentley, iliyojulikana kwa jina la Old Number One, iliyoshinda mashindano ya saa 24 huko Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mwaka 1932 ilitiwa injini kubwa zaidi, ya lita nane, ikapelekwa katika kiwanja cha Brooklands, na huko dereva wake, Clive Dunfee, alitoka juu ya ukingo wa njia akafa. Motokaa ikajengwa upya, ikapewa bodi nyingine. Miaka mingi baadaye mwenyewe alipatana kuiuza kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akageuka, akidai kwamba hiyo siyo Old Number One ya kweli, maana vilivyobaki vya mwanzo ni vichache mno. Mwaka 1990 Jaji Otton aliamua kwamba motokaa hiyo haiwezi kuitwa ya asili, kwa kuwa vyuma vya asili karibu vyote vimekwisha ondoka; lakini ni ya kweli, kwa sababu historia yake haikukatika hata mara moja. Mnunuzi akaagizwa atimize mapatano.

Twaipenda hukumu hii kwa jinsi ilivyotenga mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kitu kinaweza kuwa si cha asili, na bado kikawa cha kweli. Kinachokifanya kiwe cha uongo ni kukatwa kwa habari zake, yaani mtu kuficha kilichotendeka. Basi dada mwalimu asemapo kwamba injini mpya itaifanya motokaa ya baba kuwa ya uongo, hapo twaona amepita kiasi. Itakuwa ya uongo siku ile kaka yake, au mjukuu wa kaka yake, atakapoiuza kwa mgeni kutoka Ulaya na kumwambia ni kama ilivyotoka Japani. Motokaa hizi siku hizi zina bei kubwa, na kadiri ilivyo ya asili ndivyo bei inavyopanda. Kishawishi hicho ni kikubwa. Amri ya saba na ya nane zakutana papo hapo. Kadi ya gari huandikwa namba ya injini na namba ya chasi, na sheria zetu hutaka injini ikibadilishwa wakuu wa usajili waarifiwe. Wengi hulipuuza jambo hili kama usumbufu wa makaratasi. Sisi twaliona ni sehemu ya ukweli. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini dada ana hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi, ijapokuwa barua yaigusa kwa neno moja tu. Asema: yakibadilishwa yote, watoto wetu wataona nini? Hapa twasimama upande wake. Kazi ya mikono ya wanadamu ina heshima yake, hata kama chuma hakina haki. Wale waliochora na kuunganisha injini ile ya mwanzo walitumia akili waliyopewa na Mungu, kwa vifaa vya wakati wao. Injini yenye kabureta mbili, ambayo mtu aweza kuirekebisha kwa bisibisi na kwa sikio lake, ni kitabu cha elimu iliyo karibu kusahaulika. Kuitupa kwenye chuma chakavu ni kuwanyima wajao kitu ambacho hatukukiumba wala hatuwezi kukirudisha. Chama cha kimataifa cha motokaa za kale, FIVA, kina hati yake iitwayo Hati ya Torino, nayo yafundisha kwamba badiliko lolote la namna hii lifanywe kwa kadiri ndogo, liweze kuondolewa baadaye, liandikwe, na kwamba vyuma vya asili vilivyoondolewa vitunzwe pamoja na motokaa yenyewe. Hati hiyo haikuandikwa na mapadre, lakini yanena kama mtu ajuaye kwamba mwenye mali ni wakili tu.

Tungependa hapa kutenganisha haja na majivuno, maana yanafanana kwa nje. Nani hajaona Land Rover ya zamani, ya misheni au ya mfanyabiashara, ambayo injini yake ilikufa zamani ikawekewa ya dizeli kutoka gari la Kijapani? Haipendezi kuitazama, na wapenzi wa vitu vya kale wangelia. Lakini imebeba wagonjwa, saruji, mahindi, na mara nyingine maharusi. Hatujasikia mtu yeyote akiungama dhambi hiyo, wala hapana haja. Motokaa ya watu wawili yenye nguvu za farasi 280 haitabeba mahindi. Hilo halitoshi kuifanya iwe mbaya, kwa kuwa furaha nayo ni zawadi ya Mungu, na fundi kufurahia kazi yake ni jambo la halali. Ila gharama yake yapaswa kupimwa waziwazi. Kijana ajiulize kama fedha hiyo ni ya ziada kweli, au kama yuko mdogo wake asiyemaliza shule. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Tumewauliza mafundi wawili tuwafahamuo, na majibu yao yalitushitua. Injini ya GT-R haiingii na kukaa kama mgeni katika kiti. Kwanza, GT-R husukumwa na magurudumu manne, na difu ya mbele imefungwa kwenye bakuli la oili la injini. 240Z husukumwa na magurudumu ya nyuma tu, hivyo bakuli hilo sharti libadilishwe. Yahitajika giaboksi nyingine, rejeta kubwa, pampu ya mafuta yenye msukumo mkubwa, nyaya mpya na kompyuta yake. Difu ya nyuma nayo yapasa kuwa imara zaidi. Na breki! Za mbele ni za diski, za nyuma ni za ngoma, zote zikiwa zimepimwa kwa farasi 150 wa mwaka 1970. Tena bodi ya 240Z haina chasi ya kuitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, nayo hujulikana sana kwa kuliwa na kutu, hasa sakafuni na kwenye boriti za chini. Motokaa iliyolala miaka kadhaa chini ya banda katika unyevu wa mlimani, hakuna ajuaye mifupa yake ikoje mpaka rangi ikwanguliwe.

Msomaji wa Injili atakumbuka mara moja mfano wa Bwana wetu juu ya divai mpya na viriba vikuukuu. Twajua kwamba Bwana hakuwa akisema habari za injini. Lakini jambo alilolichukua kuwa mfano ni la kweli katika maisha: nguvu mpya hupasua chombo kisichoandaliwa. Waingereza walijifunza hilo walipochukua motokaa yao nyepesi, AC Ace, na Mmarekani Carroll Shelby akaitia injini ya Ford mwaka 1962, ikaitwa Cobra. Ilipofika mwaka 1965 wakitaka kuweka injini ya lita saba, iliwabidi watengeneze chasi nyingine yenye mabomba manene zaidi na springi za namna nyingine. Na pale MG walipotia injini ya Rover ya lita 3.5 katika MGB GT yao mwaka 1973, jambo lilikwenda vizuri kwa sababu injini ile ilikuwa ya alumini, uzito wake karibu sawa na ile ndogo ya chuma iliyotolewa. Walipima kwanza.

Jambo hili la nguvu ndilo twaliona kuwa kiini cha dhambi, ikiwa dhambi ipo. Motokaa ikienda mwendo maradufu, nguvu ya kuisimamisha si maradufu, ni mara nne. Barabara ya kutoka kihambani kwenda lami ina watoto wa shule, ina mbuzi, ina akina mama watokao sokoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, yasema wazi kwamba wale wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana hatia nzito. Kanisa halikungoja ajali itokee. Lauhesabu uzito tangu ile hatari yenyewe. Kwa hiyo kijana akitia injini ya farasi 280 juu ya breki za farasi 150, hata asipomgonga mtu maisha yake yote, amekwisha kosa. Na akiitia vizuri, kwa breki mpya, kwa bodi iliyochomelewa upya na kupimwa, kisha akaendesha kama baba wa watu, hatuna amri ya kumkataza.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja katika barua, nasi twashangaa. Motokaa ni ya nani? Mama anaandika kana kwamba neno ni la wanawe wawili. Lakini marehemu hakuacha wosia juu yake, na urithi haujagawanywa. Basi haijawa ya kaka, wala haijawa ya dada. Katika nyumba nyingi twaona mwana wa kwanza akishika mali ya baba kama yake kwa kuwa ndiye mwenye kipato, na mama akinyamaza kwa kumwogopa au kwa kumpenda. Kijana huyu asifungue hata nati moja kabla mama yake hajasema ndiyo, na kabla dada yake hajaulizwa kwa heshima, uso kwa uso, wala si kwa ujumbe wa simu kutoka Ghuba. Wakipatana kwamba ataichukua yeye katika fungu lake, na dada akapewa kitu kingine cha thamani, hapo atakuwa na uhuru mkubwa zaidi. Wasipopatana, motokaa ikae chini ya turubai. Imengoja, yaweza kungoja tena.

Kwa mama twasema hivi: Si dhambi, wala si kumvunjia marehemu heshima, maadamu hayo tuliyoyasema yametimizwa. Kama ungetuuliza tungependa nini sisi wenyewe, tungejibu kwamba tungependa injini ile ya mwanzo ifufuliwe, isikike tena Pasaka moja ikishuka mlimani kwa mwendo wa watu wenye akili. Lakini hayo ni mapenzi yetu, si sheria ya Mungu, nasi hatuna fungu katika urithi huo.

Na kwa kijana: ukija likizo, usije na injini. Njoo na fedha ya breki na ya kuchomelea sakafu, kwa kuwa hizo zahitajika kwa injini yoyote ile. Mwite dada yako mwondoe turubai pamoja. Injini ya zamani ikitoka, ipakwe grisi, ifungwe vizuri, iandikwe namba yake na tarehe ya kutolewa, iwekwe mahali pakavu ndani ya boma hilohilo. Na ufunguo wa mahali hapo akae nao mwalimu.